Mashamba ya Pwani na Jasho la Bara: Historia Inayosomwa kutoka Bonde la Kilombero

Mtu asimamaye Mlabani, katika mji wa Ifakara, haoni bahari wala hanusi karafuu. Upande mmoja limelala bonde pana la mto Kilombero, nchi ya mpunga na samaki. Upande wa pili inapanda milima ya Udzungwa kuelekea Uhehe. Bahari ya Hindi iko mbali, mwendo wa siku nyingi kwa mtu wa miguu. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kudhani kwamba historia ya mashamba makubwa ya pwani, yaani mashamba ya karafuu, minazi, miwa na mkonge, pamoja na koo zilizoyamiliki, ni historia ya watu wengine, nasi wa bara ni wasikilizaji tu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Mashamba hayo yalikuwa na mizizi miwili: mmoja ulikuwa katika udongo wa pwani, na mwingine ulikuwa katika vijiji vya bara, vilivyotoa watu wa kuyalima.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini mzizi huu wa pili haukuonekana wazi. Wahenga wa pwani walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye mashamba walikuwa na daftari. Walikuwa na hati za kununua na kuweka rehani, hati za wakfu, wasia na mirathi, na kesi zilizoamuliwa na makadhi. Nyumba zao za mawe zilibaki, na makaburi yao yaliandikwa majina. Lakini aliyepanda mkarafuu, akaupalilia na kuupanda ili auchume, hakuwa na hati yoyote. Tena kwa miaka mingi yeye mwenyewe alihesabiwa ndani ya hati ya bwana wake, pamoja na miti na ng'ombe. Basi mwanahistoria anayetegemea karatasi peke yake hujikuta ameandika habari za koo chache, na wale wengi huwataja kwa idadi tu.

Mashamba tunayoyazungumzia yalikua haraka sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mapokeo humtaja Saleh bin Haramil al-Abry kuwa ndiye aliyeleta mikarafuu Unguja mwanzoni mwa karne hiyo, kutoka katika visiwa vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na akaipanda Mtoni na Kizimbani. Baadaye mashamba yake yalitwaliwa na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, ambaye alihamishia makao yake Unguja na kuihimiza kazi hiyo kwa nguvu zake zote. Husimuliwa kwamba aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba baba yake alikuwa na mashamba arobaini na matano. Koo za Kiarabu zilizomzunguka mtawala zilifuata mfano wake, nao baadhi ya Waswahili wenye uwezo wakafanya vivyo hivyo. Haukupita muda mrefu Unguja na Pemba zikawa zinatoa sehemu kubwa ya karafuu zote zilizouzwa duniani.

Hata hivyo, tusidhani kwamba utajiri wa koo hizo ulisimama juu ya mwamba. Karafuu zilipozidi sokoni bei ilishuka, na wengi wakaishi kwa kukopa. Nyuma ya mwenye shamba alisimama mkopeshaji. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokodi ushuru wa forodha, ilimdai hata mtawala mwenyewe. Mwezi Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu na minazi mingi mno, ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Mwaka uliofuata Seyyid Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Hivyo mwenye shamba alipoteza miti yake, kisha akazibiwa njia ya kupata watu wapya, na deni likabaki palepale. Familia iliyoonekana na watu wa mjini kuwa ya kifahari mara nyingi ilikuwa imekwisha kuliweka shamba lake rehani.

Sasa tuwatazame waliofanya kazi. Shamba la karafuu lilikuwa na utaratibu wake. Juu alikaa msimamizi; chini yake alikuwapo nokoa, na chini ya nokoa alikuwapo kadamu, na hawa wawili kwa kawaida walikuwa watumwa waliopandishwa cheo. Mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku tano za juma, na kwa desturi Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake, alime mihogo katika kipande alichopewa na kujilisha mwenyewe. Msimu wa kuchuma ulipofika siku hizo mbili hazikuwa na uhakika, kwa kuwa karafuu haingoji. Kikonyo kikikawia kuchumwa, ua huchanua na thamani hupotea. Miongoni mwao pia palikuwa na madaraja. Mzalia, aliyezaliwa pwani na kukulia katika lugha na dini ya pwani, alijiona bora kuliko mgeni aliyetoka bara karibuni, ambaye aliitwa mjinga. Neno hilo, ambalo leo tunamwambia mtu yeyote asiyejua kitu, hapo kale lilikuwa cheo cha mtu aliyeng'olewa kwao na kutupwa ugenini asikojua mila.

Wajinga hao walitoka wapi? Katika miaka ya 1860 sehemu kubwa ya watumwa waliopitishwa katika forodha ya Unguja walitoka Kilwa. Njia ya Kilwa iliwakusanya watu kutoka Ziwa Nyasa, kutoka Uyao na kutoka nyanda zote za kusini. Wakati huohuo bonde letu lilikuwa katika misukosuko mikubwa. Wandamba walikuwa wenyeji wa kale wa mto, watu wa mitumbwi na uvuvi. Kisha, baada ya vita vya Wangoni katika nchi ya Songea kuanzia miaka ya 1860, kundi lililojulikana kwa jina la Wambunga lilishuka na kuweka makao katika bonde, likajenga nguvu zake karibu na Ifakara. Hapa lazima tuseme ukweli hata kama unauma. Vita vya bara vilizaa mateka, na mateka walikuwa na bei pwani. Mwafrika wa bara alikuwa mwenye kutekwa, na mara nyingine alikuwa mwenye kuteka. Aliyepokea bunduki na nguo kwa kubadilishana na jirani yake alikuwa sehemu ya shamba la karafuu, ijapokuwa hakuwahi kuliona. Historia inayomlaumu mwenye shamba peke yake na kumsahau aliyemletea watu ni historia nusu.

Wala waliopelekwa pwani hawakukubali yote kwa kunyamaza. Kusini ya mji wa Pangani, ambako mashamba ya miwa yalikuwa yamestawi na kazi ya kusaga miwa na kuchemsha maji yake ilikuwa ngumu kupita kiasi, watumwa waliasi mwaka 1873, wakatoroka na kujenga kijiji chao wenyewe mahali paitwapo Kikogwe. Tunaliomba jina hilo likumbukwe, maana tutarudi kulitaja.

Miaka kumi na mitano baadaye palitokea jambo ambalo liliunganisha mashamba ya Pangani na bonde la Kilombero waziwazi. Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Wadachi ilianza kutawala miji ya pwani kwa mapatano na Sultani Seyyid Khalifa. Pamoja na ushuru na bendera yake, kampuni hiyo iliwataka wenye mashamba waandikishe ardhi zao na kuthibitisha kuwa ni mali yao. Waliokuwa wakishika mashamba kwa urithi, kwa mapatano ya mdomo au kwa rehani isiyokwisha waliona hatari. Aliyeongoza vita vya Pangani alikuwa mwenye shamba la miwa, Abushiri bin Salim al-Harthi, mtu ambaye hata utawala wa Sultani hakuupenda. Lakini vita hivyo havikuwa vya wenye mashamba peke yao. Wapagazi, watu wa vijiji vya jirani na watumwa waliingia, kila kundi likiwa na dai lake. Abushiri alipoelemewa na majeshi ya Wissmann mwaka 1889, alielekea bara kutafuta askari, akarudi na maelfu ya wapiganaji ambao watu wa pwani waliwaita Mafiti. Miongoni mwao walikuwamo Wambunga. Mwezi Oktoba walipigwa vibaya na bunduki za Wadachi huko Yombo, si mbali na Bagamoyo. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Jina la Abushiri linajulikana na kila mwanafunzi wa shule, na ni haki lijulikane. Lakini watu waliotoka bonde la mto wetu wakaanguka Yombo hawana orodha. Walifika pwani wakiwa na mikuki na ngao, baada ya mwendo wa majuma kadhaa, wakapigana katika vita ambavyo kwa mkuu wao vilihusu pia shamba na hati, na kwao wenyewe yamkini vilihusu ngawira na heshima. Hiyo ni daftari nyingine isiyoandikwa.

Baada ya vita, ardhi ya pwani ilianza kuhamia kwa wenyeji wapya. Mwaka 1893 miche ya mkonge iliyoagizwa na Mdachi Richard Hindorf kutoka Amerika ilipandwa nchini kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeagizwa elfu moja, lakini iliyosalia hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa wapi? Kikogwe, pale pale ambapo miaka ishirini nyuma watumwa waliotoroka walikuwa wamejaribu kujenga kijiji cha watu huru. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoenea Tanga, Pangani, Morogoro na Lindi, na mwaka 1913 nchi iliuza nje zaidi ya tani 20,000 za katani.

Mfumo wa mashamba haukuishia katika mkonge. Kusini, serikali ya Wadachi iliwalazimisha wanavijiji kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, kwa malipo ambayo hayakutosheleza kitu. Mwezi Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba hiyo, na vita vya Maji Maji vikaanza. Mwezi Agosti moto ulikuwa umefika Ifakara, na kabla ya mwezi kwisha Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Mahenge. Ni watu walewale wa bonde, lakini safari hii hawakuitwa na mwenye shamba yeyote. Walipigana dhidi ya shamba lenyewe kuletwa mlangoni kwao kwa kiboko. Adhabu yake ilikuwa njaa. Mazao yaliteketezwa, na nchi nzima ya kusini ikapungukiwa na watu.

Utumwa nao uliondolewa polepole, kana kwamba waliokuwa wakiuondoa walimwonea huruma zaidi bwana kuliko mtwana. Unguja na Pemba ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana alilipwa fidia. Masuria walingoja mpaka 1909. Tanganyika utumwa ulifutwa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Aliyepata uhuru hakupata ardhi. Wengi walibaki palepale wakiwa wakaao kwa hisani ya mwenye shamba, wakipalilia mikarafuu ili waruhusiwe kulima muhogo chini yake. Lakini watu hao walikuwa wameijenga pwani kwa namna nyingine pia. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika familia yenye asili ya utumwa, baba akiwa Mnyamwezi na mama Mzigua, alikuwa mwuza vyungu kabla ya kuwa sauti kubwa ya taarabu. Shaaban Robert aliona maisha yake yastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Hilo ni jambo adimu: binti wa watu wasio na hati kuandikiwa daftari lake.

Katika enzi ya Waingereza mashamba ya mkonge yalishikwa na makampuni ya Ulaya, na Wagiriki na Wahindi. Ukoo wa Karimjee Jivanjee, ulioanzia katika biashara ya Unguja ya karne ya 19, ulipata mashamba makubwa ya mkonge Tanganyika. Wenye shamba walibadilika rangi na dini, lakini swali lilikuwa lilelile: nani atakata majani? Jibu nalo likawa lilelile: watu wa mbali. Waliandikwa kazi kwa mkataba, wakapewa namba, na kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, kilichojulikana kwa jina la SILABU, nacho kikawa kikiwasafirisha watu kutoka nyanda za kusini, Wangoni, Wabena na wengineo, hadi kambi za Tanga na Morogoro. Kila mmoja alishika kipande chake, kadi yenye nafasi thelathini za kazi. Asiyezijaza hakupata mshahara kamili.

Mtu akienda manamba, nyumbani kunabaki nini? Mpunga wa Kilombero ni zao linalodai watu wengi. Msimu ukifika, familia huhama kijijini na kukaa shambani. Watoto hukaa katika dungu wakiwinga ndege mchana, na usiku watu hukesha wakiwafukuza nguruwe na viboko. Mikono ya mwanamume ikiondoka, mzigo wake huangukia mkewe, wazee na watoto. Gharama hiyo haikuandikwa katika hesabu za shamba la mkonge lolote, lakini ililipwa hapa, bondeni, kila mwaka.

Baada ya uhuru na mapinduzi, umilikaji ulibadilishwa kwa nguvu za dola. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, mashamba ya Unguja na Pemba yalitaifishwa na ardhi ikagawiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Tanganyika, baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilitwaa mashamba mengi ya mkonge. Koo za zamani zilitawanyika. Wengine walihamia ng'ambo, na wengine walibaki na nyumba tu. Lakini bei ya katani ilikuwa imekwisha anguka kwa sababu ya nyuzi za kutengenezwa viwandani, na mikarafuu mingi ilikuwa imezeeka. Wananchi walirithi ardhi, na pamoja nayo walirithi udhaifu wa kutegemea zao moja na soko la mbali.

Wakati huohuo shamba kubwa lilikuwa limekwisha kupanda kutoka pwani na kuingia kwetu. Kampuni ya sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960 upande wa Kidatu, kaskazini ya Ifakara. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita bondeni na kulifungulia njia. Katika miaka ya 1980 shamba kubwa la mpunga lilianzishwa Mngeta kwa ushirikiano wa Tanzania na Korea ya Kaskazini, na baada ya 2008 likaendeshwa na kampuni binafsi. Mwaka 1998 hisa nyingi za kampuni ya sukari ziliuzwa kwa wawekezaji wa nje. Bonde lililokuwa likitoa watu likawa linapokea watu: wakata miwa walikuja kutoka Njombe, Songea, Mbeya na kwingineko, wakapanga vyumba, wakaoa na kuolewa, wakaanza vijiji. Wakulima wadogo nao walipanda miwa ya kukiuzia kiwanda, wakaacha sehemu ya mpunga wao. Katika hayo yamo manufaa, yaani barabara, shule na fedha mkononi. Yamo pia maswali ambayo Pangani iliyaona zamani: ni nani mwenye karatasi ya ardhi hii, na ni nani aliyeilima kabla ya karatasi?

Swali hilo si la udadisi mtupu. Tumeona mara mbili jinsi hati ilivyoweza kumwondoa mtu. Mwaka 1888 waliotakiwa kuandikisha ardhi walikuwa mabwana, nao wakashika silaha. Wanyonge hawakuulizwa kabisa, maana ilichukuliwa kwamba hawana cha kuandikisha. Mkulima wa leo ambaye babu yake alifyeka pori, na asiye na ushahidi ila makaburi na miembe ya wazee wake, anasimama karibu na watu wale kuliko anavyodhani. Akijua historia yao atajua pia thamani ya mashahidi, mipaka na kumbukumbu za kijiji.

Lakini waliokosa hati hawakukosa kabisa kuacha kumbukumbu. Waliziacha katika lugha ambayo sote tunaisema. Kibarua ni barua ndogo, kile cheti alichopewa mtumwa wa kukodishwa mjini Unguja ili ijulikane amefanya kazi ya siku. Mjinga ni mtu wa bara aliyefika pwani jana. Kipande ni ile kadi ya siku thelathini, na manamba ni mtu aliyegeuzwa kuwa namba. Tunayatamka maneno haya sokoni na kazini bila kufikiri, ilhali kila moja ni ukurasa wa daftari ambalo hakuna kadhi aliyelitia muhuri.

Kazi iliyo mbele yetu, basi, ni kuongeza kurasa. Katika Mlabani, katika vijiji vya kandokando ya mto na katika kambi za miwa, wapo wazee ambao baba zao walikwenda manamba, na wapo ambao bibi zao waliwasimulia habari za Maji Maji na za njaa iliyofuata. Wapo pia, kule pwani, wajukuu wa wenye mashamba wanaojua majina ya viunga, ya manokoa na ya mateka waliozikwa pembezoni mwa shamba. Yafaa waulizwe wote, nao ni wachache kila mwaka. Wakati wa kuandika ni huu, tuanze na majina.